SAA YA MSUSI NA SAA YA WAKILI, IPI NZITO?

Wadau, kuna msusi mmoja Mbagala, mkono wake balaa. Rasta ndogondogo anakaa na kichwa cha mtu saa sita, mgongo unawaka moto, halafu mteja anamwambia "dada nitakutumia jioni". Jioni yenyewe haijafika mpaka leo. Nyumbani kitanda cha mtoto kimevunjika, na fundi seremala wa mtaa wa pili anataka hela kwanza. Huyo fundi naye binti zake nywele timutimu, hela ya kusukia hana! Yaani kila mmoja anacho anachokitaka mwenzake, kinachokosekana katikati ni noti tu.

Marekani kuna mwanasheria, Edgar Cahn, miaka ya 1980 alikuja na kitu kinaitwa dola za muda. Hesabu yake nyepesi: saa moja ya kumfanyia mtu kazi ni kredi moja, kazi yoyote ile. Msusi akiwasuka binti za fundi saa sita, daftari linamwandikia sita. Kitanda kinakula saa mbili. Nne zilizobaki si lazima azidai kwa fundi, anazipeleka kwa mwalimu jirani, mtoto apate tuisheni. Fundi naye deni lake anamlipa yeyote kwenye kundi. Hapo ndo utamu ulipo, maana kubadilishana wawili wawili tunakujua toka zamani.

Wajapani walitangulia. Osaka, mwaka 1973, Teruko Mizushima alianzisha benki ya kazi, wanawake wakiweka akiba ya masaa wakiwa na nguvu, waje kuyatumia wakiugua au wakizeeka.

Sasa mbao, misumari na gundi vinanunuliwa kwa shilingi, hilo halikwepeki. Baba mwenye nyumba naye hapokei masaa. Na kundi likiwa la watu watano wote wasusi, basi tena, mtasukana mpaka mchoke.

Ila kasheshe lenyewe ni wakili wa mtaani hapo. Kasikia habari hii kacheka: kasota chuo miaka yote ile, leo saa yake iwe sawa na ya msusi? Haya. Mama yake kalazwa wiki ya pili sasa, na anayekesha naye wodini, kumgeuza na kumnywesha uji, ni huyohuyo msusi. Bure.