Sarafu Haina Deni

Msomaji, chukua shilingi moja uirushe juu. Kabla haijatua, yawezekana mambo mawili tu: ilale kichwa juu, au kichwa chini. Pande zote mbili zina haki sawa, kwa hiyo twasema kwamba uwezekano wa kichwa ni moja kwa mbili, yaani nusu. Ukirusha dadu lenye nyuso sita, uwezekano wa kupata nne ni moja kwa sita. Jambo lisiloweza kutokea kamwe hupewa sifuri, na lisilo budi kutokea hupewa moja. Mengine yote hukaa kati ya hayo mawili.

Mwanzo huo ni mwepesi. Ugumu huja sarafu inapolala kichwa chini mara tano mfululizo. Je, mara ya sita itakuwaje? Waulize watu barazani, na wengi watakujibu kwamba sasa zamu ya kichwa imefika. Husema hivyo kana kwamba sarafu ni mdaiwa mwenye haya, aliyekula haki ya kichwa mara tano na sasa hana budi kulipa.

Lakini sarafu haina daftari. Mara ya sita uwezekano ni nusu, kama ulivyokuwa mara ya kwanza. Ni kweli kwamba kabla ya kuanza, uwezekano wa kukosa kichwa mara sita mfululizo ulikuwa mdogo, moja kwa 64. Ila tano zilizokwisha kupita hazimo tena katika hesabu.

Utauliza, basi mbona husemwa kwamba mwishowe pande mbili hukaribia kulingana? Swali lako ni jema. John Kerrich, mwalimu wa hesabu kutoka Afrika Kusini, alikuwako Denmark Wajerumani walipoivamia nchi hiyo mwaka 1940, akawekwa kizuizini. Humo kambini alirusha sarafu mara 10,000, na matokeo akayaandika. Katika mara 10 za kwanza alipata kichwa mara 4. Katika 100, mara 44. Katika 1,000, mara 502. Na katika zote 10,000, mara 5,067.

Zitazame vema hesabu hizo. Katika mia, kichwa kilipungua 6 kufikia nusu. Katika elfu kumi kilizidi nusu kwa 67. Pengo halikuzibwa, bali liliongezeka! Lakini 6 katika 100 ni sehemu kubwa, na 67 katika 10,000 haifiki hata moja kwa mia. Uwiano ndio uliosogea karibu na nusu. Upungufu wa kwanza haukulipwa. Ulimezwa na wingi, kama chumvi iliyomwagwa ziwani.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa lina machozi yake. Kijana aliyepoteza shilingi mia asubuhi katika kamari, akatia mia mbili mchana, husukumwa na wazo lilelile la barazani: nimeshindwa mno, sasa haikosi nitashinda. Karo za shule zimepotea kwa njia hiyo. Tena mwenye mchezo hupanga malipo yapungue kidogo kuliko haki. Tuseme kila mara mtu angaliweka shilingi 10 juu ya kichwa cha Kerrich, akishindwa apoteze 10, akishinda aongezewe 9. Katika mara zile 10,000, ijapokuwa kichwa kilizidi, angaliongezewa shilingi 45,603, na kupoteza 49,330.