Dripu za Charing Cross

Mwaka 1992 baridi yabisi ilikuwa bado inawalemaza watu London. Tuliwachoma sindano za dhahabu, dhahabu hasa, tukawapa na steroidi, na bado vidole viliendelea kupinda hata kufunga kifungo cha shati ikawa kazi ya asubuhi nzima.

Nilikuwa muuguzi, mtu wa Mombasa, na pale hospitali ya Charing Cross nilisikia madaktari wakibishana. Seli za kinga hupelekeana habari kwa protini ndogondogo, saitokini, na kwenye goti lililovimba zimejaa tele. Ukimziba mjumbe mmoja, walisema wapinzani, hao wengine si wataendelea na kazi? Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Ila mwaka 1989 Fionula Brennan, wa kundi la Marc Feldmann na Ravinder Maini, alikuwa ameonyesha kwamba ukiizuia saitokini iitwayo TNF katika seli zilizotolewa viungoni mwa wagonjwa, saitokini nyingine iitwayo IL-1 nayo hushuka. TNF ndiyo iliyokuwa ikipiga mbiu.

Basi wagonjwa 20 wakatundikiwa kingamwili ya kuinasa TNF, sehemu yake ya panya, sehemu ya binadamu. Kilichonishangaza ni uchovu: uliwatoka mapema, viungo vikiwa bado vimevimba. Halafu wakaanza kupanda ngazi. Baada ya majuma kadhaa maumivu yalirudi, kwa hiyo haikuwa tiba ya kumaliza ugonjwa. Mwaka 1994 jaribio la wagonjwa 73, wengine wakipewa dripu isiyo na dawa, liliwanyamazisha wabishi wengi.

Mimi hofu yangu ilikuwa kifua kikuu, maana nilikiuguza sana nyumbani. TNF hiyohiyo huzishikilia seli zinazouzingira ugonjwa huo ukiwa umelala mwilini. Mwaka 2001 ikatoka ripoti Marekani: watu 70 waliugua kifua kikuu baada ya kupewa kingamwili hii, zaidi ya nusu yao nje ya mapafu.

Tangu hapo hatukutundika dripu kabla ya picha ya kifua na maswali. Umeishi wapi? Nani alikohoa nyumbani kwenu? Wazee wa Kihindi waliokulia Nairobi na Kampala niliwauliza kwa Kiswahili, wakacheka kwanza, kisha wakamtaja mjomba au shangazi ambaye kwenye fomu hawakumwandika.