Nilivyoumbuliwa na gauni la gunia la mpunga

MSOMAJI wangu, wewe unayejiona umetoka bomba kila Jumamosi, hebu niambie ukweli. Umeshawahi kuvaa nguo ambayo ukikaa huwezi kuinuka, na ukiinuka huwezi kukaa? Kama hujawahi, shukuru Mungu. Mimi yalinikuta, tena mbele ya darasa zima, Ifakara, Oktoba 1998, usiku wa disko la mahafali ya kidato cha nne.

Nimekikumbuka kisa hiki baada ya binti wa kaka yangu, ambaye naye sasa yuko kidato cha nne, kunifuata na simu mkononi. "Shikamoo shangazi. Nataka gauni kama hili." Nikatazama. Satini nyekundu, mgongo wazi, kiunoni limekazwa kama mzigo wa kuni. Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akanuna.

Basi bwana, mahafali enzi zetu yalikuwa na sehemu mbili. Mchana ni sare, wazazi, risala, ngonjera, mgeni rasmi aliyechelewa na pilau iliyowahi kwisha. Jioni wazazi wakishaondoka, meza za bwalo zinasogezwa ukutani, spika zinafungwa, na kila mtu anakwenda kubadilisha nguo. Hapo ndipo penye vita! Miaka minne mmeonana kwa sketi na mashati ya shule, kila mtu kama mwenzake. Umebaki usiku mmoja tu wa kuonyeshana nani ni sista duu na nani ni wa kuja.

Mama yangu alikuwa mkulima wa mpunga, na shamba lake lilikuwa ng'ambo ya Mto Kilombero, upande wa Lupiro. Anayelijua bonde letu anajua maisha hayo. Msimu ukifika watu wanahama mjini, wanakwenda kuishi shamba kwenye dungu miezi kadhaa, mchana wakifukuza ndege, usiku wakifukuza nguruwe. Daraja hili tunalopita leo kwa mbwembwe limezinduliwa mwaka 2018. Wakati ule ni kivuko, au mtumbwi na dua zako. Halafu mvua za El Nino za mwaka 1997 kuingia 1998 zilikuwa zimetuchezea vibaya, kwa hiyo magunia tuliyovuna yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole.

Mama aliuza moja kwa ajili yangu. Akanipa hela zimefungwa kwenye leso. "Nenda kachukue gauni la maana, mwanangu," akasema. "Chukua la kudumu. Mdogo wako naye atalivaa."

Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, mzee mmoja mpole aliyeshonea barazani karibu na soko. Nilimpitia kwa heshima tu, maana Mama alisema nimpitie. Mzee akanitazama juu mpaka chini, akachukua futi yake, akasema kwa mwili wangu angenishonea kitambaa cha pamba chenye uzito kidogo, kishike chini ya kifua pale penye wembamba, halafu kiachie kama mwavuli mpaka chini ya goti. Mikono ifike kwenye kiwiko. "Utapendeza na utapumua," akasema.

Utapumua! Nani anakwenda disko kupumua? Nilimwambia, "Nitarudi baba," na moyoni nikasema gauni la fundi ni la wamama wa kwaya.

Niseme hapa kwamba mimi sikuwa mwembamba. Shuleni wavulana waliniita "Scania", na mwenyewe nilikuwa nacheka nao, lakini usiku nalia. Sasa kichwani mwangu nilikuwa nimeshajipangia kwamba siku ile nitavaa kitu kitakachonifanya niwe mtu mwingine. Nilikuwa naficha mwili kwa kuuminya. Ni hesabu mbovu, lakini ukiwa na miaka 17 hesabu mbovu ndizo tamu.

Rafiki yangu akanivuta kwenye mitumba. Mitumba ilikuwa imepamba moto kila mji tangu serikali ilipolegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ya 80, na belo likifunguliwa hukawii kukuta mwalimu wako amepiga magoti anachagua pembeni yako. Siku hiyo lilitoka gauni la satini ya bluu, inang'aa kama bati jipya. Mikanda myembamba mabegani, mpasuo pembeni, zipu ndefu mgongoni. Nikapagawa.

Pa kujaribia hapakuwepo. Muuzaji, kijana mwenye maneno matamu, akafanya ule mtindo wao wa kuzungusha kiuno cha nguo shingoni mwako, kwamba ncha zikikutana basi inakutosha. Hazikukutana. Akavuta kidogo, zikakutana. "Hii inavutika, dada, tena ukishaivaa inafuata mwili." Rafiki yangu akaapa kwamba nitawaua watu. Nikalipa. Iliyobaki nikanunua viatu vya mchuchumio, na leso ya Mama ikarudi nyumbani tupu.

Msomaji, jua jambo moja kuhusu satini ile ya kung'aa: mara nyingi ni poliesta tupu. Haivutiki kama wanavyodai, hainywi jasho, na kila mkunjo unaonekana kwa sababu mwanga unaukimbilia. Ukiwa na mwili kama wangu halafu likakubana, linatangaza kila pindo la nguo ya ndani. Na Ifakara ya Oktoba unaijua? Mvua bado, hewa imesimama bondeni, Milima ya Udzungwa iko pale imekukodolea macho tu na haikuletei hata upepo. Ukivaa poliesta jioni ya Oktoba ni kama umejifunga ndani ya mfuko wa plastiki.

Siku yenyewe ilipofika nikavuta pumzi ndani, mdogo wangu akapandisha zipu kwa kuishikilia na meno. Mama akaja kuniona. Alikuwa kijana wakati Umoja wa Vijana wa TANU ulipoanzisha Operesheni Vijana, ile ya Januari 1969 iliyopiga vita mini, mawigi na suruali za kubana, kwa hiyo nilitegemea mpasuo ndio utakaoleta kesi. Wala. Alinitazama kimya, akauliza swali moja tu.

"Unaweza kukaa?"

"Disko si la kukaa, Mama."

Hakusema neno. Akaingia chumbani, akatoka, akanikabidhi mkoba wangu.

Ifakara ni mji wa baiskeli, tambarare kama sinia. Kaka yangu ndiye aliyepewa kazi ya kunipeleka. Ikabidi nikae upande kwenye keria... nikashindwa! Gauni halikuruhusu hata kuinua goti. Tukaenda kwa miguu, yeye anasukuma baiskeli, mimi nachovya mchuchumio kwenye mchanga, na watoto wa njiani wanatusindikiza kama bendi ya harusi. Nilifika bwaloni nimeloa mgongo mzima.

Mbu je? Mabega wazi, miguu wazi, na jioni ya Kilombero. Hili ni bonde ambalo watafiti wa malaria wamelifanya darasa lao kwa miaka mingi, na wewe unalipelekea miguu mitupu kwa hiari yako. Mwaka mmoja kabla, 1997, vyandarua vya Zuia Mbu vilikuwa vimeanza kuuzwa kwetu na matangazo yake kila mtu aliyajua. Mvulana mmoja alivyoniona nakuna miguu kwa visigino akapaza sauti, "Scania kavaa turubai jipya, kasahau Zuia Mbu!" Bwalo zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, kama kawaida yangu.

Bluzi nilicheza moja. Nasema nilicheza, lakini nilisimama kama nguzo ya umeme na mwenzangu akanizunguka. Niliona niko salama. Halafu DJ akaweka Koffi Olomide, ile "Loi" ya mwaka 1997, na wewe mwenyewe unajua ndombolo ilivyokuwa imewachanganya watu. Ndombolo haitaki miguu, inataka kiuno. Nikajisahau. Nikashuka chini mara moja tu.

Prrrr!

Kutoka kwenye zipu mpaka karibu na paja. Waliokuwa nyuma yangu walinyamaza kwanza, halafu ndiyo wakapiga kelele. Nilikimbia na kiatu kimoja. Rafiki yangu alinikuta nyuma ya darasa, akafungua mkoba wangu akitafuta pini, akakuta kanga imekunjwa vizuri. Mama aliiweka wakati ule alipoingia chumbani. Nikajifunga, nikakaa kwenye dawati gizani nikisikiliza disko langu la mahafali kupitia dirishani mpaka kaka alipokuja kunichukua. Kurudi nilikaa kwenye keria bila shida. Kanga haibani.

Asubuhi Mama akauliza, "Lilipendeza?"

"Lilipendeza sana, Mama."

"Ulicheza?"

"Nilicheza mpaka wakazima."

Gauni nililisokomeza chini kabisa ya sanduku la bati na sikulifungua tena. Kilichonikereketa zaidi ya aibu ya bwaloni ni lile gunia. Nilimwona Mama kwenye dungu, mvua inamnyeshea, anapiga debe kufukuza ndege, halafu ule mpunga wote umekuwa satini iliyochanika. Nikamdanganya mwaka mmoja, nikamdanganya miwili. Kila akiniambia, "Mbona lile gauni lako hulivai?" nilijibu nalitunza.

Mwaka 2000 ikawa zamu ya mdogo wangu, mahafali yake. Akaja kulidai, maana ni ahadi. Nilikosa pa kujificha. Nikaanza kuunga maneno: sijui panya, sijui nondo. Mama akanyanyuka, akaenda kwenye sanduku, akalitoa, akalikunjua kitandani.

Lilikuwa limeshonwa.

Halikushonwa juujuu. Pembeni kote kuwili, toka kwapani mpaka kwenye pindo, kilikuwa kimeingizwa kipande kirefu cha pamba nyeusi, chembamba juu, kinapanuka kuelekea chini. Ndani limewekwa bitana laini. Mikanda imeondolewa, yamewekwa mabega ya heshima ya pamba ile ile nyeusi. Kazi ya yule mzee wa barazani. Mama alilipeleka wiki ile ile ya mahafali, nikiwa kwenye mtihani, akalipa, akalirudisha chini ya sanduku palepale nilipolificha. Akasubiri nilifungue.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Mzee alikuwa na vipimo vyako. Nilidhani utalivaa kwenye sendofu ya binamu yako." Kisha akaendelea kulipiga pasi.

Mdogo wangu alilivaa, na ukweli lilikuwa kubwa kidogo kwake. Lilikuwa limekatwa kwa ajili yangu. Zile nyeusi za pembeni zilikula mwanga, macho yakabaki kwenye bluu ya katikati, na mtu akaonekana mwembamba bila kubanwa popote. Alicheza mpaka wakazima, huyo kweli.

Sasa turudi kwa binti wa kaka na simu yake. Sikumkataza nyekundu. Mgongo wazi nikamwambia tufanye nusu, na sababu si maadili, sababu ni mbu. Nikamtoa kwenye poliesta, nikampeleka kwenye pamba yenye mng'ao wa mbali, ile ukiikunja mkononi na kuiachia inarudi bila makunyanzi mengi. Tukaenda kwa fundi, kijana mmoja wa Kibaoni, na lile gauni la bluu nikalibeba nimwonyeshe vipande vya pembeni. Mtoto akalinusa, akasema lina harufu ya dawa ya nondo, hatalivaa hata kwa dawa. Sikubishana naye. Vipande fundi alivielewa mara moja, akavipima kwa kidole.

Gauni lilipokuwa tayari nikamfanyia usaili palepale barazani. Kaa. Inama. Nyoosha mikono juu kama unamwita DJ. Chuchumaa. Panda bodaboda ya yule kaka pale, kaa upande, shuka. Alikasirika, wapita njia walisimama, lakini alifanya yote na zipu haikulalamika. Halafu nikamwambia acheze. "Hapa, shangazi?" Hapa. Akacheza muziki wao huu wa siku hizi ambao sielewi mguu unaanzia wapi.

Jioni tukampelekea bibi yake alione. Mama siku hizi haoni vizuri, kwa hiyo hakulitazama. Aliligeuza ndani nje, akapitisha vidole kwenye mshono wa pembeni, polepole, toka kwapani mpaka chini.

"Fundi ameacha akiba?" akauliza.

"Sentimeta tatu kila upande, bibi."

"Haya," akasema, akalikunja.