Besi Iliyochongwa kwa Kipimo Changu

Katika zama za ujana wangu hapa Maungu, chini ya kilima kitazamacho reli na barabara kuu iendayo Mombasa, mpiga besi hakuwa na besi. Alikuwa na vidole, na sikio, na pengine suti moja. Ama chombo chenyewe, pamoja na spika na ngoma, kilikuwa milki ya mwenye vyombo, tajiri ambaye aghalabu hakujua kupiga hata uzi mmoja, lakini ndiye aliyeamua nani apande jukwaani na nani arudi kwao.

Sisi Wadawida tulikuwa na fahari ya mwimbaji Fadhili William, mzaliwa wa wilaya yetu, walakini mimi sikuvutwa na waimbaji. Mwaka wa 1978 baadhi ya wanamuziki wa bendi ya Simba Wanyika walijitenga wakaunda Les Wanyika, na wimbo wao “Sina Makosa” ulipoanza kusikika katika hoteli za kando ya barabara, ambako madereva wa malori walikuwa wakila ugali kwa haraka, nilijikuta nimeacha chai ipoe kwa kufuata besi ya Tom Malanga, iliyokuwa ikizungumza kwa utaratibu chini ya magitaa, bila haja ya kupaza sauti.

Nilipiga miaka kadhaa kwa besi za watu. Kisha kinanda cha umeme kikaingia katika mahoteli ya pwani, mtu mmoja akawa bendi nzima, na riziki yetu ikakatika.

Niliporudi nyumbani nikiwa mtu mzima mwenye akiba kidogo, nilimwendea fundi wa samani mjini Voi nikamtaka anichongee besi kwa mtindo ule wa kwanza wa Leo Fender wa California, aliyetoa Precision Bass mwaka wa 1951 ili mpigaji apate kupumzika na adha ya kubeba fidla kubwa ya kusimama, na vyuma vilivyopandwa shingoni vimwonyeshe mahali hasa pa kila sauti. Tulikubaliana kiwiliwili kiwe cha mvule, ubao wa vidole uwe wa mpingo, ndani ya shingo ipite fimbo ya chuma kuzuia isipindwe na nyuzi, na kutoka kiegemeo hadi kiegemeo uzi uwe na inchi 34. Sumaku yenye waya wa shaba niliiagiza Nairobi. Fundi, ambaye hajapata kupiga gitaa maishani mwake, aliutazama mchoro akasema kingo hizi kali zitamuumiza mtu mkono. Nikashikilia kwamba mtindo wa kale uheshimiwe. Baada ya majuma machache ya kupiga, kiwiko kilinilazimisha kumrudia azilainishe, na baadaye nikapata habari kuwa Fender naye alizilainisha mwaka wa 1954.

Mvule ni mzito, bega hulalamika, lakini sauti hukaa na haina papara. Vijana wa kanisani huja kuiazima, nami huwapa, ingawa wananitania kuwa sasa mimi ndiye mwenye vyombo. Mmoja wao amekwisha agiza yake kwa fundi yuleyule, na anataka nyuzi tano. Nimemwambia kuwa hiyo ni israfu, kwani Malanga alitosheka na nne. Fundi amekwisha kata mbao.