Sauti Chini ya Sauti: Suala la Lugha katika Filamu za Historia ya Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Filamu ya historia hubeba ushahidi wa aina mbili, yaani picha na sauti. Aghalabu picha ndiyo inayosifiwa. Katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mpiga picha hana taabu ya kutafuta cha kuonyesha. Milima ya Livingstone inashuka hadi ufukoni Matema. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inapita katika uwanda wa mpunga wa Kyela. Na Itungi ipo bandari. Lakini milima haisimulii. Sehemu kubwa ya historia ya mahali hapo imo vinywani mwa watu walioipokea kwa wazazi wao, nao wameipokea katika Kinyakyusa, Kikisi na Kindali. Kwa hiyo, televisheni ya umma inapoamua kuisimulia historia hiyo, swali la kwanza si la kamera bali ni la lugha: sauti ya nani itasikika, na ya nani itafunikwa?

Desturi iliyozoeleka katika filamu za aina hii inajulikana. Mzee huanza kusema. Baada ya sekunde chache sauti yake hushushwa, na sauti ya msimulizi, katika lugha sanifu, hupandishwa juu yake. Mtazamaji asiyeijua lugha ya mzee hupata muhtasari. Anayeijua husikia nusu ya kila sentensi. Mtafiti atakayeitazama filamu hiyo miaka 50 baadaye hatakuwa na matini ya kuchambua, isipokuwa pale ambapo kanda ghafi imehifadhiwa.

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar ilianzisha televisheni yake mwaka 1973, ilhali Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Televisheni ya taifa ilifuata mwishoni mwa muongo huo, na mwaka 2007 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Zanzibar inatoa mfano wa kituo cha umma kilicho karibu na watazamaji wake, ambako mzee anayehojiwa na mtangazaji anayemhoji wote ni wasemaji wa Kiswahili. Hata huko, lahaja za Makunduchi, Tumbatu na Pemba hukutana na Kiswahili sanifu katika chumba cha uhariri. Iwapo hali ni hiyo baina ya lahaja za lugha moja, uzito wa suala hili ni mkubwa zaidi pale ambapo lugha zenyewe ni tofauti.

Tatizo hili lilijitokeza Tanganyika kabla televisheni haijafikiriwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa majaribio ya sinema kwa Waafrika, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa gari katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri, mbali na mkanda wa picha, ili picha zile zile ziweze kupewa maelezo katika lugha kadhaa za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Mbinu hiyo ilikuwa na manufaa, kwa kuwa mtazamaji aliweza kusemeshwa kwa lugha anayoielewa. Hata hivyo, ilijengwa juu ya dhana kwamba mtu anayeonekana katika picha hana neno lake mwenyewe, na kwamba maneno huletwa na mtu mwingine na kubandikwa. Zana zimebadilika, dhana hiyo imebaki katika kazi nyingi.

Hasara yake inadhihirika katika msamiati. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, wakisaidiwa na wenyeji, miongoni mwao karani na mkalimani Leonard Mwaisumo. Mwaka 1951 Monica Wilson alichapisha kitabu kuhusu vijiji vya rika, yaani vijiji ambavyo vijana walitoka nyumbani kwa baba zao na kuvijenga pamoja na wenzao wa umri mmoja. Neno la Kinyakyusa lililo kiini cha kitabu hicho ni *ukwangala*. Msimulizi wa Kiswahili atalitafsiri vipi? Akisema “kuzungumza”, ataacha suala la kula pamoja na kusaidiana. Akisema “kupiga soga”, atalifanya jambo la maadili kuwa la kupoteza wakati. Akisema “ujirani mwema”, atapoteza sharti kwamba wanaoshiriki ni watu walio sawa. Muundo wote wa kijiji cha rika ulisimama juu ya neno hilo. Mzee akilitamka na sauti yake ikafunikwa na “kuzungumza”, mtazamaji ataonyeshwa wazee wakipumzika kivulini, wala hatajua kwamba ameelezwa msingi wa jamii nzima.

Mfano wa pili unatoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Agosti 1914, katika bandari iliyoitwa Sphinxhaven, ambayo leo ni Liuli, meli ya Waingereza *Gwendolen* iliishambulia meli ya Wajerumani *Hermann von Wissmann* ikiwa imepandishwa nchi kavu. Nahodha wa Kijerumani, ambaye kabla ya hapo alikuwa akinywa pamoja na mwenzake wa Kiingereza, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Kisa hiki hupendwa na watengenezaji wa filamu kwa sababu kinachekesha na kina wahusika wawili wenye majina. Mwezi uliofuata, tarehe 9 Septemba, majeshi yaliyovuka Songwe kutoka upande wa Wajerumani yalipigana na Waingereza karibu na Karonga, na katika miaka iliyofuata maelfu ya wapagazi walikufa katika mapigano ya Afrika ya Mashariki. Upande wa Nyasaland wapagazi hao waliitwa *tengatenga*. Dar es Salaam jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo. Hapa neno ndilo lililohifadhi kile ambacho picha haikukihifadhi. Filamu inayosimulia urafiki wa manahodha na kuliacha neno la wapagazi imechagua historia ya watu wawili badala ya historia ya mwambao.

Hata jina la ziwa haliwezi kutamkwa bila kuchagua. Livingstone alifika ziwani mwaka 1859. *Nyasa* katika Kiyao lina maana ya ziwa, hivi kwamba anayesema “Ziwa Nyasa” anasema jambo moja mara mbili. Upande wa pili ziwa hilo huitwa Ziwa Malawi. Chini ya majina hayo umo mgogoro wa mpaka unaotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890: Malawi inashikilia kwamba mpaka upo ufukoni upande wa Tanzania, na Tanzania inashikilia kwamba upo katikati ya maji. Mgogoro ulipopamba moto mwaka 2012, wavuvi wa Kyela walisikia nchi mbili zikizungumza juu ya maji wanayovulia. Filamu yenye msimulizi mmoja italitaja ziwa kwa jina moja tu. Yenye sauti za wenyeji itaonyesha namna ambavyo watu wa pande mbili za Songwe, ambao Kinyakyusa chao na Kingonde chao vinakaribiana mno, huliita ziwa lao wenyewe.

Wakisi nao wana madai yao. Wanawake wa Ikombe hufinyanga vyungu kwa mkono, na vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, Matema. Hakuna filamu ya eneo hilo inayoweza kuiacha mikono hiyo. Lakini ufinyanzi una istilahi za udongo, za hatua za kazi na za aina za vyombo, na istilahi hizo ndizo historia ya ufundi wenyewe. Mikono ikipigwa picha na maneno yakaachwa, kinachobaki ni mapambo.

Pingamizi kubwa linafahamika, nalo halipaswi kudharauliwa. Kiswahili ndicho kinachomwezesha mtu wa Songea au wa Tanga kumwelewa Mkisi wa Ikombe, na umoja uliojengwa kwa lugha hiyo si jambo dogo. Kwa miaka mingi kanuni za utangazaji nazo zimekipa Kiswahili, pamoja na Kiingereza, nafasi ya lugha ya utangazaji. Lakini kuna tofauti kati ya kutangaza kwa lugha ya jamii na kuhifadhi ushahidi katika lugha hiyo. Ng'ambo ya Songwe, mwaka 1968 Malawi ilikiondoa Chitumbuka katika redio kwa hoja ya umoja, na mwaka 1994 ikakirudisha. Yaliyosemwa na wazee katika miaka hiyo 26 bila kurekodiwa hayakurudi pamoja nacho.

Njia ya kati ipo. Mzee aachwe amalize sentensi yake, kisha msimulizi aeleze kwa Kiswahili. Maandishi ya chini peke yake hayatoshi, kwa kuwa hayamsaidii asiyejua kusoma. Neno lisilo na kisawe litamkwe kama lilivyo na kufafanuliwa, kwani ndivyo Kiswahili kinavyotajirika. Mahojiano yote, pamoja na yale yasiyotumika, yanukuliwe kwa maandishi na kuhifadhiwa. Kamusi ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili ya Knut Felberg ya mwaka 1996 inampa mnukuzi mahali pa kuanzia. Kazi hiyo ni ya vyuo vikuu kama ilivyo ya televisheni, kwa sababu mhariri wa filamu hajui ni neno gani asilikate mpaka aelezwe na mwanaisimu. Wanaokumbuka vijiji vya rika kwa kuviishi wamebaki wachache mno, na kila mahojiano yanayofanyika leo yaweza kuwa ya mwisho kwa msemaji wake.