Kombe wa Bamvua

Katika miaka ya 1950, wakati safari ya kutoka mjini Unguja kwenda Fumba ilipokuwa bado ni safari ya kufungiwa mkate na kuagwa mlangoni, sisi watoto wa Ng'ambo tuliokuwa tukipelekwa shamba kwa bibi zetu kila skuli zilipofungwa hatukuwa na tafrija iliyotufurahisha kuliko kwenda pwani kuokota kombe. Naiita tafrija, wala sikusudii kuwavunjia heshima wale waliokuwa wakipata kitoweo chao pale pale tulipokuwa tukicheza. Kwani bibi yangu mwenyewe hakupata hata siku moja kuiita shughuli ile kazi, na alikuwa akitoka na pakacha lake kwa uchangamfu wa mtu aendaye harusini.

Mambo yote yalikwenda kwa hisabu ya mwezi. Maji mafu hayakuwa na faida, kwa kuwa bahari haikutoka kiasi cha kuyafunua majani. Lakini mwezi ulipoandama, na tena ulipopevuka, bamvua ilifika, na ada ya Unguja ni kuwa maji ya bamvua hutoka kabisa mnamo saa nne za asubuhi, hata mtu huweza kunywa chai yake kwa wasaa, akateremka pwani, akarejea kabla ya adhuhuri. Bamvua zilizo kubwa kuliko zote, zile za karibu na mwezi wa Machi na wa Septemba, zilitufunulia mafungu ya mchanga ambayo siku nyingine zote yalikuwa ni milki ya samaki.

Kombe haonekani. Hujizika katika mchanga wenye tope, baina ya mizizi ya majani ya bahari, akaacha juu ufa mdogo mfano wa jicho lililofumbwa, na asiyezoea huweza kupita juu yake asubuhi nzima akarudi na pakacha tupu. Bibi alinifundisha kwenda polepole, jua likinielekea usoni ili kivuli changu kiangukie nyuma, na kutazama pale mguu unapokaribia kukanyaga. Kwani kombe akihisi kishindo hujifunga ghafla, na maji yaliyokuwa ndani yake yakaruka juu. Hapo ndipo ulipotiwa mti uliochongwa ncha, kwa kando wala si kwa juu, mpaka ukagonga gamba kwa sauti kavu, kisha mkono ukamfuata ukamtoa, mzito kuliko alivyodhaniwa, mifuo yake imejaa tope na ukingo wake umeota vinyweleo vya rangi ya kahawia.

Asiyeenea kiganja hakutiwa pakachani. Siku moja, kwa tamaa ya kumshinda binamu yangu, nilimficha mdogo chini ya wenziwe, bibi akamwona, akanirudisha hadi kwenye shimo nililomtoa, na maji yameshaanza kujaa, akaniambia, "Huyu bado, mjukuu wangu. Mzike alipokuwa." Nilipomtupa tu akanizuia: nimzike kwa mkono, ufa wake ukiwa juu, apate kuvuta maji. Usiku kombe walilala katika ndoo ya maji ya bahari wakitema mchanga, na siku ya pili wakachemshwa mpaka wakafunguka, nyama ikapikwa kwa tui zito, ndimu na pilipili, tukailia muhogo.

Niliporudi Fumba katika miaka ya 1980, kwa mazishi ya bibi huyo, nilikuta kombe wanapimwa kwa kopo. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, fedha imekuwa adimu, na mchuuzi alikuwa akija kila bamvua kununua nyama iliyokwisha kutolewa magambani. Na nyama ikishatolewa, nani atajua kama mwenyewe alienea kiganja? Siwalaumu waliouza. Lakini nilishuka pwani nikaona mashimo yamekaribiana kama nyayo za sokoni, na makombe madogo yametupwa rundo juu ya mstari wa maji. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza upande wa mashariki, Paje na Jambiani, kikawapa wanawake wengi wa huko riziki nyingine; na mwaka 1997 Ghuba ya Menai, ambayo pwani ya Fumba imo ndani yake, ikatangazwa kuwa hifadhi.

Hata hivyo, kombe hawaongezeki kwa kutangaziwa. Kombe hamtafuti mwenziwe: dume humwaga mbegu majini, jike humwaga mayai, na walio mbalimbali mbegu zao hupotea baharini zisikutane. Kwa hiyo mahali palipookotwa mpaka wakabaki wachache waliotawanyika huweza kukaa tupu miaka mingi, hata wanadamu wakipaacha. Wanawake wa Fumba na wenzao wa Bweleo, wakisaidiwa na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, walikubaliana mwanzoni mwa karne hii kuzifunga baadhi ya sehemu za pwani yao, ili chaza na kombe wakae pamoja, wazaliane, na kizazi chao kichukuliwe na maji kwenda kwingine. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko sheria nyingi zilizoandikwa mjini, kwa sababu waliojinyima ni wale wale waliokuwa na haja.

Mara ya mwisho nilikwenda na mjukuu wangu, katika sehemu iliyo wazi. Tulipata kombe tisa, na wanne tukawarudisha. Mmoja katika hao mtoto alimzika kichwachini, nikamwonyesha. Basi nawe msomaji, bamvua ikikukuta Fumba, waulize kwanza wenyeji ni wapi palipofungwa; kisha asiyeenea kiganja mzike pale pale ulipomtoa, ufa wake ukiwa juu.