Namba 135 na Ndugu Zake

Chukua namba 135. Jumlisha tarakimu zake: 1, 3 na 5 hufanya 9. Zizidishe tarakimu hizo hizo: hufanya 15. Sasa zidisha 9 kwa 15, nawe utairudia 135. Namba 144 ina tabia hiyo pia, kwani jumla ya tarakimu zake ni 9, zao lake ni 16, na 9 mara 16 ni 144.

Hapa Pap Onditi huwapa wanafunzi wangu namba hizi mbili wazitafutie ndugu. Kazi hii haidai chombo ila kalamu na karatasi. Tukiiacha sifuri yenyewe, upesi hutambua kuwa namba yenye sifuri ndani yake haifai, maana sifuri moja huliharibu zao lote. Basi bei nyingi za sokoni, 50, 120, 200, hukataliwa mlangoni. Wengi hufika 1,000, wakachoka, wakasema kuwa hakuna nyingine ila 1.

Jibu lao ni sahihi, lakini uchovu si ushahidi. Mvuvi aliyetupa wavu mara 10 katika Ghuba ya Winam asipate kitu hawezi kuapa kuwa ziwa ni tupu. Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, namba hazina mwisho. Umejuaje?" Swali lile lilinipendeza kuliko majibu yote.

Sababu ni hii. Kila tarakimu inayoongezwa mwishoni huikuza namba si chini ya mara 10. Zao haliwezi kukua zaidi ya mara 9, na jumla huongezeka kwa 9 tu, au pungufu. Mbio hizo zina mshindi. Namba ikifika tarakimu 85, jumla na zao zikizidishwa haziifikii tena kamwe. Hivyo utafutaji una mpaka, na waliokagua ndani yake wamekuta 1, 135 na 144 tu.

D. R. Kaprekar, aliyekuwa mwalimu wa shule huko Devlali, India, hata mwaka 1962, aliziita namba zigawanyikazo kwa jumla ya tarakimu zake, kama hizi zetu, Harshad, yaani ziletazo furaha. Hakuwa na shahada ya juu ya hesabu.

Mtoto aliyezoea kuuliza "Umejuaje?" hatapunjwa kwa urahisi na mwenye mizani, wala kutishwa na mwenye cheo, na mwalimu wake naye hupaswa kumjibu kwa sababu, si kwa fimbo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.